Kabla hajanunua beringi, atazame pedi ya ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Wiki iliyopita kwenye safu yenu ya magari kuna msomaji aliuliza kuhusu gari lake linalosugua gurudumu la mbele, akasema ni kama mtu anapitisha msasa kwenye bati, inaanza akishafika spidi ya 20 hivi na akikata kona sauti inabadilika. Jibu alilopewa lilikuwa sentensi mbili tu, hiyo ni beringi, abadilishe. Nilivyosoma nikaliweka gazeti chini, maana hilo ndo jibu nililopewa mimi, nikalifuata, nikazunguka na gari bovu karibu miezi miwili nikiamini limeshatengenezwa. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya huyo msomaji na wengine wenye kelele kama yake, na naandika kwa uchungu kwa sababu kilichokuwa kinasugua kwangu kilikuwa breki.

Sisemi haiwezi kuwa beringi. Inaweza kabisa. Ila gurudumu la mbele lina vitu vingi vinavyozunguka vikiwa vimepakana na vitu visivyozunguka, diski ya breki ina kibati chembamba nyuma yake cha kuzuia vumbi, ina kalipa (kile kibanio cha breki) iliyoikumbatia, tairi lina plastiki ya madigadi juu yake, kuna shafti, kuna hiyo beringi yenyewe, na kimojawapo kikihama milimita mbili tatu tu tayari unasikia kusugua. Kutoka kwenye "inasugua" mpaka kufika "badilisha beringi" kuna maswali ya kuuliza katikati hapo na mengi hayahitaji mashine yoyote, yanahitaji dereva azime redio, azime feni, ashushe kioo na asikilize.

Yangu ilianzia kushoto mbele. Shwaa, shwaa, shwaa, ukiongeza spidi zinaungana inakuwa sauti moja ndefu. Fundi akaendesha kidogo, akakata kulia kelele ikazidi, akasema beringi ya kushoto imekufa. Kwa kweli hesabu yake haikuwa mbaya, ukikata kulia uzito wa gari unaegemea kushoto, kwa hiyo gurudumu la kushoto linabeba zaidi na beringi iliyochoka inalia zaidi, na ukikata kushoto inapumzika. Hiyo ni kanuni nzuri na kila dereva aishike. Lakini kona inafanya na kitu kingine, inaisukuma diski kidogo pembeni ikaribie pedi (kile kibao kinachoibana diski ukikanyaga breki) au ikaribie kile kibati, kwa hiyo hata breki inayosugua au kibati kilichopinda vinaweza kubadilisha sauti kwenye kona. Kona peke yake haitoshi kuhukumu.

Beringi akaibadilisha, nikaona ile ya zamani mezani, nikaizungusha kwa kidole, ilikuwa laini kabisa haina mkwaruzo hata kidogo. Pale pale nilitakiwa kuuliza. Sikuuliza. Nikaondoka, kesho yake asubuhi, shwaa, shwaa, shwaa.

Sasa haya ndo maswali ambayo natamani ningeulizwa siku ya kwanza. La kwanza, je ukikanyaga breki kidogo tu, yaani mguu unagusa bila kusimamisha gari, kelele inabadilika? Hili mimi naliweka juu ya mengine yote. Beringi haijali mguu wako, itavuma vile vile ukigusa breki usipogusa, inafuata spidi na uzito tu. Kelele ikikatika ukigusa, au ikigeuka kutoka msasa ikawa kukwaruza chuma kwa chuma, basi shida ipo kwenye pedi, diski au kalipa na huna haja ya kwenda mbali. Pedi nyingi zina kiulimi cha chuma kilichowekwa makusudi kiguse diski pedi ikishabaki nyembamba, kile kinapiga mluzi mkali, na mara nyingine mluzi unasikika ukiwa unatembea tu, ukikanyaga unanyamaza, watu wanadhani breki ni nzima kwa sababu "ukikanyaga hailii". Hapana jamani, hapo ndo imekuambia inaisha.

La pili, inapiga kwa mdundo au mfululizo? Tairi la gari dogo la kawaida, mfano 195/65 R15, mzingo wake ni kama mita 2, kwa hiyo kwenye spidi ya 20 kwa saa linazunguka karibu mara 3 kwa sekunde. Ukihesabu midundo kama mitatu kwa sekunde kwenye 20, na ikaongezeka sambamba na spidi, basi kuna kitu kinagusa sehemu moja kila mzunguko, diski iliyopinda kidogo, kibati, tairi lenye uvimbe, hata msumari au kijiwe kwenye kashata za tairi (hiki kipige macho kwanza, kinaondoka na bisibisi). La tatu, tafuta barabara tambarare isiyo na magari, ukiwa kwenye 40 weka nyutro na uache gari liserereke, usizime injini maana ukizima stelingi inakuwa nzito na inaweza kujifunga na breki inakosa msaada. Kelele ikiendelea vile vile kwenye nyutro, siyo injini. La nne, pita polepole karibu na ukuta mrefu kioo kikiwa wazi, ukuta unakurudishia sauti, utajua ni upande gani na ni mbele au nyuma, kwa sababu ndani ya gari sikio linadanganya sana, kelele ya kulia inasafiri kwenye bodi unaisikia kushoto.

Mimi nilipoanza kujiuliza haya ndo nikagundua kwamba kelele yangu inakatika nikigusa breki. Inakatika kabisa, na mguu ukizidi inarudi kama mtu anaburuta jembe juu ya zege. Nikarudi kwa fundi nikamwambia. Akachuchumaa, akachungulia katikati ya matundu ya rimu na tochi ya simu, akasema pedi bado nene hizo, hata nusu hazijafika, akanionyesha na mimi nikaona, kweli ilikuwa nene. Tukaachana hapo. Mhariri, hapa ndo pameniuma kuliko pengine popote na hapa ndo sababu ya barua hii.

Kitu kingine nilichokipuuza ni joto. Nikitembea kilomita kama kumi nikashuka, rimu ya kushoto ilikuwa na joto na harufu kali kama ya kitambaa kilichoungua kwenye pasi, ya kulia ilikuwa ya kawaida. Jaribu hivi, tembea kwa kutumia breki kidogo iwezekanavyo, simama taratibu, halafu peleka mgongo wa mkono karibu na rimu bila kugusa, linganisha kushoto na kulia. Zote mbili za mbele zinatakiwa zikaribiane. Moja ikiwa tanuri na mwenzake ni vuguvugu basi ile breki haiachii. Diski yenyewe usiiguse itakubabua, na usimwagie maji.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi mstaafu jirani yetu, alinikuta nimesimama naliangalia gurudumu. Nikamweleza yote, beringi mpya, pedi nene, joto, harufu. Akaniuliza neno moja, "Mwanangu, umeangalia ya ndani?" Nikamwambia mzee fundi amechungulia. Akasema kuchungulia kwenye rimu unaiona ya nje tu, vua tairi.

Tukalegeza nati gari likiwa bado chini, tukapiga jeki, tukaweka stendi, gurudumu likatoka. Mzee akafungua boliti ya chini ya kalipa akaipindua juu kama mfuniko. Pedi ya nje ilikuwa na milimita nane hivi. Pedi ya ndani haikuwa na kitu. Yaani ilibaki ile sahani ya chuma, imebaki na nyama nyembamba pembeni kama ukingo wa biskuti, na pembe ya juu chuma kilikuwa kimeng'aa kwa kusagana na diski. Nikapitisha kucha kwenye diski upande wa nje, laini kama kioo. Nikapitisha upande wa ndani, kucha ikawa inaruka kwenye mifereji trrr, trrr. Gari hilo nilikuwa nabebea watoto asubuhi.

Mzee akanieleza kwa nini, na nimekuja kuelewa ndo habari yenyewe. Kalipa za magari mengi madogo zina pistoni upande mmoja tu, wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani kwenye diski, halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini zake mbili kuivuta pedi ya nje nayo ibane. Pini zikikwama kalipa haitelezi, kazi inaibeba pedi ya ndani karibu yote, inalika huku ya nje imekaa inakuangalia. Na ukiachia breki ndo kabisa, kwa kawaida mpira wa pistoni unaopindika wakati wa kukanyaga unajirudisha na kuivuta pistoni nyuma kidogo sana, kiasi cha pedi kupumua, sasa kama kalipa imekakamaa hicho kipumuo hakitoshi na pedi inabaki inaambaa kwenye diski muda wote. Hiyo ndo shwaa shwaa yangu.

Pini za kwangu ilibidi kuzizungusha na spana, zilikuwa hazitoki kwa mkono, na zilipotoka zilikuwa na grisi nyeusi ngumu kama lami na kimpira cha pini kimevimba. Mzee akanusa akasema mtu kaweka grisi ya kawaida hapa, ile ya beringi. Grisi ya mafuta ya kawaida inavimbisha mpira wa breki, mpira ukivimba unaibana pini, na pini ikibanwa yanatokea haya. Pini za kalipa zinawekwa grisi yake ya breki ya silikoni inayovumilia joto, kidogo tu, na pini nzima inatakiwa iingie na kutoka kwa vidole viwili. Kama pini imeota kutu ya mashimo badilisha pini, usiipige msasa ukairudisha.

Inawezekana pia pini ni nzuri lakini pistoni ndo imekwama, au hozi ya breki imeoza kwa ndani inapitisha mafuta kwenda haipitishi kurudi. Namna ya kutofautisha ni rahisi kwa fundi: gurudumu likiwa juu na limekaza, afungue kidogo ile nipeli ya kutoa upepo kwenye kalipa. Likilegea pale pale basi kulikuwa na presha imefungiwa, ashuku hozi au huko juu kwenye masta (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali). Likibaki gumu, ni kalipa yenyewe, pistoni au pini. Dakika mbili hiyo kazi, na inaokoa kununua kalipa isiyo na kosa. Mafuta ya breki yasidondoke kwenye rangi yanaichubua, na nipeli ikifunguliwa breki itolewe upepo kabla gari halijatembea.

Nirudi kwa msomaji wetu, kwa sababu yake inaweza isiwe kama yangu. Kama kelele yake haibadiliki kabisa akigusa breki, na ni nyembamba ya kibati kibati, aangalie kile kibati nyuma ya diski. Kinapinda kirahisi mno, hata kwa mkono wa fundi aliyekuwa anabadilisha kitu kingine, na kikigusa diski kinaacha mstari unaong'aa, huo mstari ndo ushahidi, unakisukuma taratibu na bisibisi bapa basi imekwisha. Kuna wakati kijiwe kinaingia kati ya kibati na diski, hicho kinapiga kelele ya kutisha utadhani gari linavunjika, ukirudi rivasi mita kadhaa mara nyingine kinadondoka chenyewe. Kama inasugua akikata stelingi mpaka mwisho tu, au akiwa amepakia watu, au akipita tuta, aangalie plastiki ya madigadi na bega la tairi, palipogusa pataonekana pamelambwa, na ajiulize kama aliweka matairi makubwa kuliko ya gari au rimu zisizo zake. Na asiishie hapo, apime kwa utepe kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi kushoto na kulia, gari likiwa sehemu tambarare, upande mmoja ukiwa umekaa chini waziwazi springi inaweza kuwa imekatika.

Sivi jointi, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu, haisugui, inagonga, tak tak tak akikata kona kali huku anaongeza mafuta, na buti lake, yaani mpira unaoifunika, likichanika utaona grisi imerukia ndani ya rimu. Halafu baada ya mvua au kuoshwa diski zinaota kutu ya juu juu usiku mmoja tu, asubuhi zinakwaruza, ukikanyaga breki mara chache inaisha, hiyo isimpe mtu presha. Nati za tairi nazo akaze, tena azikague kwanza kabla ya vyote, hasa kama tairi lilitolewa siku za karibuni, kwa sababu nati zilizolegea ni gurudumu kutoka njiani, na baada ya kufungwa tairi zinatakiwa zikazwe tena ukishatembea kati ya kilomita 50 na 100.

Na kama bado anashuku beringi, kuna njia ya kuthibitisha kabla ya kununua. Gurudumu likiwa hewani kwenye stendi, alishike juu na chini, saa 12 na saa 6, alitikise. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki, atikise tena. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, shuku beringi, ukibaki shuku boljointi (kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu kwenye mkono wake). Akishika saa 9 na saa 3 likacheza, aangalie tairodi endi (ncha ya fimbo ya stelingi inayogeuza gurudumu). Kisha aweke mkono mmoja kwenye springi na mwingine azungushe gurudumu, beringi mbovu unaihisi kwenye kiganja kama mchanga unasagwa, wakati mwingine hata kabla sikio halijasikia. Kwangu hakuna aliyefanya hivyo, beringi nzima ilitupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Jeki peke yake haitoshi jamani, hii nasisitiza. Jeki ni ya kunyanyulia, gari likikaa juu likae juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi, na mtu asiingize kichwa wala miguu chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wala mdomo, pedi za zamani nyingine zilikuwa na asbesto na hata zisizo nayo si za kuvuta kifuani, futa na kitambaa chenye maji. Pedi zinabadilishwa pande zote mbili za mbele kwa pamoja hata kama iliyolika ni moja, pedi mpya ina kama milimita 10 mpaka 12 na ikifika 3 usingoje. Diski ina unene wa mwisho ulioandikwa juu yake yenyewe kwa maandishi madogo, ipimwe, ikiwa imepita hapo haichongwi tena, inatupwa. Na baada ya kurudisha pistoni ndani ili pedi mpya zikae, kabla hujaondoa gari pampu pedali mpaka iwe ngumu, mara ya kwanza inazama mpaka chini kabisa, mtu akisahau hilo anaanza safari hana breki.

Tulipomaliza, diski mbili mpya, pedi nne, pini safi, mzee alinyanyua kidole akasema endesha bila redio. Nilizunguka, nikakata kulia, nikakata kushoto, nikagusa breki, nikaachia. Nilichosikia ni matairi na upepo. Nilivyorudi akaweka mgongo wa mkono karibu na rimu ya kushoto, akahamia ya kulia, akarudi ya kushoto tena, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kunawa mikono.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni moja. Toleo lijalo mrudieni yule msomaji, mwambieni asinunue beringi bado. Aguse breki kidogo akiwa kwenye 20 asikilize, alinganishe joto la rimu mbili za mbele, halafu amwambie fundi avue tairi na amwonyeshe pedi ya ndani kwa macho yake, siyo kwa kuchungulia. Na kama anasikia chuma kwa chuma tayari, asiliendeshe mpaka gereji, amwite fundi alipo. Barua yake ilisema anasafiri na familia mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi si mbali.

Msomaji wenu wa kila wiki